Wahesabuo na Wahesabiwao

Katika Kamunyonge, kata mojawapo ya mji wa Musoma, mtoto huanza kuandikwa kabla hajajua kushika kidole cha mama yake. Uzito wake huandikwa katika kadi ya kliniki. Chanjo zake huandikwa katika kadi hiyo hiyo na tena katika daftari kubwa la MTUHA. Matone yake ya vitamini, dawa yake ya minyoo na chandarua alichopewa mama yake huandikwa kila kimoja mahali pake. Kisha, baada ya miaka kadha, huja watu wasio wa zahanati. Hushuka garini wakiwa na mizani yao, ubao wa kupimia kimo, utepe wa kuzungushia mkono, na maswali mengi kuliko subira ya mtu mwenye chungu jikoni. Humpima mtoto upya, humtoboa kidole, humwuliza mama yake habari za nyumba, choo, maji na mume. Hushukuru kwa adabu, nao huondoka. Hapo ndipo lilipozaliwa lalamiko lisikikalo Musoma kama lisikikavyo Bunda na Butiama: walikuja, wakapima, wakaandika, hawakurudi.

Lalamiko hilo ni la haki. Ila haki yake imezaa rai mbaya, na rai hiyo sasa haisemwi na kina mama tu bali na watu waliosoma. Wako wasemao kwamba kazi ya kutathmini miradi ya afya ya watoto ni anasa. Kwamba fedha ilipwayo wahojaji, madereva na wataalamu wa takwimu ingetosha kununua dawa. Kwamba dawa ikiwa njema haihitaji shahidi, na ikiwa mbaya daktari ataiona kwa macho yake. Maneno haya hupendeza masikioni. Hupigiwa makofi katika vikao vya madiwani na katika vyumba vya mihadhara. Kosa lake ni moja tu, nalo ni kwamba si kweli.

Ushahidi hauko mbali, uko Pemba. Mwanzoni mwa karne hii watoto wengi wa kisiwa hicho walikuwa na upungufu wa damu, na mapendekezo ya kimataifa ya wakati ule yalikuwa wazi: mahali penye upungufu mwingi wa damu, watoto wadogo wote wapewe madini ya chuma pamoja na foliki asidi. Ushauri huu ulikuwa na akili yote ya kawaida upande wake. Damu hukosa chuma. Basi ipewe chuma. Hata hivyo watafiti wa Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyoko Wawi karibu na Chake Chake, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, hawakukubali kugawa na kushukuru. Waliwagawanya watoto kwa kura, zaidi ya 20,000, wenye umri usiotimia miaka mitatu. Baadhi wakapewa kidonge chenye chuma na wengine kidonge kisicho na dawa. Kisha wakahesabu nani alilazwa na nani alikufa.

Mwezi wa Agosti 2003 sehemu ya chuma ya jaribio hilo ilisimamishwa. Watoto waliopewa chuma na foliki asidi walipatwa na maradhi makali ya kulazwa, au na kifo, kwa kiasi cha 12 katika 100 zaidi kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa nchi zenye malaria nyingi. Katika Nepal, mahali palipofanyika jaribio la namna hiyo hiyo pasipo na malaria ya kiasi kile, madhara hayo hayakuonekana. Na katika Pemba yenyewe, watoto waliochunguzwa damu wakakutwa na upungufu halisi wa chuma, nao wakatunzwa vema walipougua malaria, walinufaika. Dawa ile ile, basi, ilikuwa rafiki wa mtoto mmoja na adui wa jirani yake.

Naye daktari mwenye macho makali angeonaje jambo hilo? Katika wodi ya Chake Chake mtoto hufa kwa homa leo, mwingine kesho kutwa. Hakuna mtoto aliyekufa akiwa na alama usoni ya kwamba ameuawa na wema. Tofauti ya 12 katika 100 haionekani kwa jicho la mtu yeyote, awe bingwa namna gani. Huonekana katika hesabu tu, na katika hesabu yenye ulinganisho. Wasemao fedha ya tathmini inunue dawa wangenunua, kwa fedha hiyo hiyo, vidonge vya chuma kwa Pemba nzima.

Kwa hiyo jambo la kugombewa si kama watoto wahesabiwe. Wahesabiwe. La kugombewa ni nini kihesabiwe, na hesabu ikiisha iwe mali ya nani.

Katika hili la kwanza watathmini wenyewe wana deni kubwa, na haifai kuwafichia. Wengi wao hawamhesabu mtoto, humhesabu mfadhili. Taarifa zao husema vyandarua vingapi viligawiwa, wahudumu wangapi walihudhuria semina, vipeperushi vingapi vilichapishwa, na asilimia ngapi ya bajeti ilitumika kwa wakati. Mambo hayo yote yaweza kutimia mwaka ambao watoto wamekufa kama mwaka uliopita. Desturi hii si ngeni. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya kiasi cha watu milioni mbili wa Tanzania kuzunguka redio katika vikundi vya kusomea, kitu kilichohesabika kwa wepesi kilikuwa vyoo. Vyoo vilichimbwa kwa wingi, na ni sifa kwa waliochimba; lakini choo si mtoto. Aliyechimba kwa kuogopa ukaguzi na aliyechimba ili atumie huandikwa katika mstari mmoja.

Kisha iko hila ya majira, ambayo hufanywa mara nyingine kwa kujua na mara nyingi zaidi kwa kutojua. Kandokando ya ziwa mvua huja mara mbili kwa mwaka, vuli na masika, na malaria huzifuata. Mradi ukipima watoto wakati mbu wamejaa, kisha baada ya miaka mitatu ukapima tena wakati wa kiangazi, homa itakuwa imepungua hata kama mradi haukufanya lolote ila kuajiri dereva. Taarifa itaandikwa, picha ya mtoto anayecheka itawekwa juu ya jalada, na fedha za awamu ya pili zitatoka. Mtathmini aliyekubali tarehe hizo kwa sababu ndizo zilizofaa kalenda ya mfadhili hawezi kusema hakudanganya.

Iko pia hila ya kliniki. Mtathmini apimaye watoto waliokuja kliniki amewapima wenye mama awezaye kuja. Mtoto wa mvuvi aliyehamia mwalo mwingine kumfuata dagaa hayumo. Mtoto wa mama aliyelala hoi nyumbani hayumo. Aliyekufa wiki iliyopita hayumo kabisa, na kutokuwamo kwake huifanya hesabu ya waliobaki ipendeze zaidi.

Tathmini bora za nchi hii zimejitenga na hila hizo, nazo zastahili kutajwa kwa heshima. Mpango wa kumtibu mtoto mgonjwa mwili mzima badala ya kutazama ugonjwa mmoja mmoja ulipopimwa, wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, zilizoutumia, zililinganishwa na Kilombero na Ulanga, ambazo zilikuwa bado. Watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba wakahesabu vifo. Katika miaka miwili, kuanzia katikati ya 2000 hadi katikati ya 2002, vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa 13 katika 100 kwenye wilaya zenye mpango. Matokeo hayo yalipochapishwa mwaka 2004, waandishi hawakuficha kwamba, kwa kanuni za takwimu, tofauti hiyo yaweza hata kuwa ya bahati. Mtu wa biashara angetangaza ushindi. Hawa walitangaza hesabu pamoja na shaka yake. Huo ndio utumishi.

Lakini hata utumishi huo, ukifika mlangoni kwa mama, una bei asiyoilipa mtafiti. Njia kuu ya kujua vifo vya watoto katika nchi ambayo vifo vingi haviandikishwi ni kumwuliza mwanamke historia ya uzazi wake. Humwuliza mtoto wa kwanza, jina lake, tarehe ya kuzaliwa, yu hai au amekufa. Akisema amekufa, huulizwa alikuwa na umri gani: siku ngapi, au miezi mingapi, au miaka. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Katika nyumba nyingi mtoto aliyeishi siku tatu hatajwi tena baada ya maziko. Hata baba yake hamtaji. Mhojaji, binti aliyemaliza chuo juzi, husema, “Shikamoo mama,” hufungua dodoso, na kwa sauti ya upole humtaka mama huyo amtaje.

Naye humtaja. Kwa jambo hili hakuna shukrani itoshayo, maana takwimu zote ambazo nchi hujivunia zimetoka katika vinywa hivyo. Kwa majibu hayo twajua kwamba vifo vya watoto wa Tanzania wasiotimiza miaka mitano vilikuwa 112 kwa kila vizazi hai 1,000 katika uchunguzi wa 2004-05, na kwamba vilishuka hadi 43 katika uchunguzi wa 2022. Kwa majibu hayo hayo hujulikana jambo ambalo hesabu ya vyandarua isingelionyesha kamwe: kwamba vifo vya vichanga, yaani wale wa mwezi wa kwanza, vilikuwa 32 kwa 1,000 mara ile na vikashuka hadi 24 tu. Mtoto mkubwa ameokolewa kuliko mchanga. Aliyeifundisha Wizara jambo hilo ni mama aliyekubali kutaja siku tatu.

Sasa huyo mama amejibiwa nini?

Taratibu za utafiti za Tanzania ni nzuri kwa upande mmoja. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, haimruhusu mtu kwenda kuwapima watoto bila kibali, na fomu ya kumwomba mama ridhaa sharti iwe kwa Kiswahili. Fomu hiyo huandikwa kwa unyenyekevu mwingi. Humwambia ana haki ya kukataa, ana haki ya kuacha katikati, ana haki ya kuuliza. Mama huweka sahihi au dole gumba. Baada ya hapo Kiswahili humalizika. Takwimu hufanyiwa hesabu kwa Kiingereza, taarifa huandikwa kwa Kiingereza, makala hutoka katika jarida la London au la Marekani kwa Kiingereza, na warsha ya kutangaza matokeo, ikifanyika, hufanyika hotelini. Kiswahili kimekuwa lugha ya kuombea na Kiingereza lugha ya kujibia. Mtu akiombwa kitu kwa lugha aijuayo, akajibiwa kwa asiyoijua, katika mambo ya kawaida ya soko watu wangesema ametapeliwa.

Watetezi wa hali hii wana majibu mawili. La kwanza ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kubebea takwimu. Jibu hili halistahili chuo kikuu. Wastani, asilimia, sampuli, uwiano, kiwango, ulinganisho, tathmini: yote yamo, na yametumika tangu zamani. Tarehe 31 Oktoba 2022 matokeo ya sensa yalitangazwa Dodoma kwa Kiswahili, na taifa zima likajua siku hiyo hiyo kwamba ni taifa la watu 61,741,120. Hapana aliyesema tarakimu hizo zimeshindwa kupita katika lugha.

La pili ni baya zaidi, kwa kuwa husemwa kwa sauti ya chini: kwamba kina mama hawataelewa. Hawataelewa nini? Mwanamke wa Musoma anunuaye dagaa mwaloni hujua ndoo ngapi za mabichi hutoa gunia moja la makavu, na hujua gunia hilo litapungua kiasi gani mvua ikimkuta kabla hajaanua. Hulinganisha bei ya Musoma na ya Mwanza, hutoa nauli, hutoa ushuru, hubaki na faida yake kichwani bila karatasi. Mtu wa namna hiyo akiambiwa ya kwamba katika kata kumi zilizopata mradi walikufa watoto kadha katika kila elfu, na katika kata kumi zisizopata walikufa kadha, ataelewa. Pengine atauliza kata hizo kumi zilichaguliwaje, na hapo huenda mtafiti ndiye akapata taabu.

Tena si jambo la kubuniwa leo. Lilikwisha kufanyika. Kuanzia 1983 mkoa wa Iringa ulikuwa na mpango wa lishe uliosimamiwa na Serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia, katika vijiji 168 vya mwanzo. Msingi wake ulikuwa neno hili hili, tathmini, likifuatwa na uchambuzi na utekelezaji. Lakini mtathmini wa kwanza alikuwa kijiji chenyewe. Watoto walipimwa katika siku ya afya, na matokeo hayakupakiwa garini. Yalisomwa pale pale, yakapelekwa kwa halmashauri ya kijiji, na watu wakaulizana kwa nini watoto wa upande ule wamekonda: je, ni mama zao kushinda shambani, ni chakula mara mbili tu kwa siku, ni maji? Utapiamlo mkali ulikuwa kwa kiasi cha watoto 6 katika 100 mpango ulipoanza. Kufikia 1988 ulikuwa chini ya 2. Wataalamu wamebishana ni sehemu gani ya mafanikio hayo ilitokana na mpango na ipi na mambo mengine, nao wana haki ya kubishana. Lakini hakuna mama wa vijiji vile aliyeweza kusema, walipima wakaondoka.

Na huko Rufiji na Morogoro, katika mradi ulioanza miaka ya tisini baina ya Wizara ya Afya na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, hesabu za vifo zilichorwa kwa picha sahili zikapelekwa kwa wapanga bajeti wa wilaya. Waliona kwamba malaria na maradhi ya watoto yalikuwa yakichukua sehemu kubwa ya maisha ya watu na sehemu ndogo ya fedha. Wakahamisha fedha. Hawakungoja jarida la kigeni liwaambie. Hesabu ilirudi wilayani, ikafanya kazi. Kutoka wilayani hadi kata ni mwendo mfupi, ila haujatembewa.

Jambo hili lilikuwa la haki zamani. Tangu mwaka 2025 limekuwa pia la lazima. Chunguzi kubwa za uzazi na afya, ambazo Tanzania imekuwa nazo tangu 1991-92, zilitegemea sana fedha na utaalamu wa programu ya Marekani iliyoanzishwa 1984. Mwezi wa Februari 2025 Serikali ya Marekani iliikatisha programu hiyo, na shirika lililoifadhili likavunjwa mwaka huo huo. Wafadhili wengine walijitokeza baadaye kuokoa sehemu ya kazi. Lakini somo lilikuwa limekwisha kutolewa: hesabu ya watoto waliokufa Mara ilikuwa imening'inia kwenye uzi, na ncha ya uzi huo ilikuwa imeshikwa Washington.

Wengine walilia kwa ajili ya takwimu. Walio wachache waliuliza kwa nini hakuna kijiji wala kata iliyoandamana. Ilikuwaje hesabu iliyochukua maneno ya uchungu ya maelfu ya wanawake ife bila hata mmoja wao kujua imekufa? Hawakujua kwa sababu haikuwa yao. Kitu kilichoondoka garini na kisirudi hakiwezi kupata mlinzi. Kama matokeo ya 2004-05, ya 2010 na ya 2015-16 yangalibandikwa kwa Kiswahili katika ukuta wa kila ofisi ya kata, yakasomwa siku ya kliniki na kubishaniwa katika mkutano wa mtaa, wangalikuwapo watu wa kumwuliza diwani wao nani atahesabu safari ijayo, na kwa fedha ya nani.

Yatakiwayo ni machache. Kibali cha utafiti kifuatane na sharti la pili, lenye nguvu sawa na lile la fomu ya ridhaa: kwamba matokeo yarudi katika kata yalikotoka, kwa Kiswahili, katika muda uliotajwa, na asiyerudisha asipewe kibali kingine. Bajeti ya tathmini iwe na fungu la kurudi kama ilivyo na fungu la petroli. Na vifo vya watoto viandikishwe na Serikali ya nchi hii siku vinapotokea, ili mama asiulizwe baada ya miaka mitano jambo ambalo mtendaji wa mtaa alipaswa kuliandika wiki ile ile.

Watasema gharama. Ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila kata haufikii gharama ya chai ya asubuhi katika warsha moja ya hotelini; na hapo haijatajwa chai ya saa kumi.

Wala vyuo vikuu visijione viko nje ya shitaka hili, vikadhani mwenye hatia ni mgeni peke yake. Kila mwaka vijana wa Kitanzania, baadhi yao wazaliwa wa Mara, hupimia watoto shahada zao. Hurudi nyumbani, huamkia wakubwa kwa lugha ya nyumbani, hupokelewa kama watoto wa nyumba, hupewa majibu ambayo mgeni asingepewa. Tasnifu zao hufungwa kwa jalada gumu na kuwekwa rafuni. Mama wa Kamunyonge akitaka kujua mtoto wake alionekanaje katika hesabu, atasafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, ataomba ruhusa mlangoni mwa maktaba, na akiisha kuonyeshwa rafu ataikuta imeandikwa kwa Kiingereza, mtoto wake akiwa nambari katika jedwali la nne.